Kuchagua Gari Linalokula Mafuta Kidogo: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Swali linanirudia kila mara, limebadilishwa nguo tu: "Nimenunua gari la cc 1000 ili nibane mafuta, mbona linakunywa kuliko la cc 1500 nililouza?" Nikiuliza alilichaguaje, jibu huwa moja kati ya haya matatu: aliangalia cc (ukubwa wa injini), aliamini namba iliyo kwenye tangazo, au alimuuliza rafiki mwenye gari kama hilo. Zote tatu zina kasoro ile ile. Hakuna inayokuuliza wewe unaendesha wapi na kwa namna gani.

Gari halina ulaji mmoja wa mafuta. Lina ulaji wa foleni, wa barabara kuu, wa mlimani, na wa safari ya dakika tano kwenda dukani na kurudi. Tunachotafuta hapa ni gari litakalokula kidogo kwenye safari zako wewe. Tenga wiki tatu au nne. Kazi yenyewe si ngumu, ila haitaki haraka.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo la kukaa ndani ya gari, na kalamu. Simu inafaa, lakini daftari haliishiwi chaji ukiwa kwenye pampu.
- Kikokotoo.
- Kipimo cha upepo wa tairi, kiwe chako mwenyewe. Vya vituoni huanguka chini kila siku na vingi vinadanganya.
- Kisoma kompyuta ya gari, yaani kile kidude cha OBD2 kinachochomekwa chini ya usukani na kuungana na simu. Marekani ililazimisha tundu lake tangu magari ya mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli tangu 2001, kwa hiyo karibu kila gari la siku hizi linalo.
- Orodha ya magari yasiyozidi manne. Kwa kila gari andika mwaka, aina ya injini, aina ya giaboksi, na kama linavuta kwa magurudumu mawili au manne.
- Gari la kuanzia: unalotumia sasa, au la kuazima ukiwa huna.

Ukikosa kisoma kompyuta unaweza kuendelea hadi hatua ya 6. Ukikosa daftari, usianze.

## Hatua ya 1: Zijue safari zako

Kwa siku 14 andika kila safari: kilomita, muda uliotumia, na neno moja la kuieleza, kama vile foleni, kuu, mlima au mzigo. Usiandike unavyokumbuka jioni. Andika ukizima injini.

Mwisho wa siku 14 gawanya kilomita zote kwa saa zote. Tuseme umepata kilomita 560 kwa saa 21. Wastani wako ni kama kilomita 27 kwa saa. Namba hiyo moja inakueleza mengi kuliko brosha. Mtu mwenye wastani wa chini ya 30 anaishi kwenye kusimama na kuondoka, na gari lake linachoma mafuta bila kusogea. Mwenye wastani wa zaidi ya 60 anapambana na upepo. Hawa wawili hawapaswi kununua gari moja, hata wakiwa ndugu.

Kuna kundi la tatu ambalo hujisahau: wenye safari fupi za kilomita mbili au tatu, mara nne kwa siku. Injini ya petroli ikiwa baridi huchoma mafuta mengi zaidi, na safari ya namna hiyo huisha kabla haijapata joto. Kama ni wewe, ziandike peke yake, kwa sababu zitaamua mambo katika hatua ya 5.

Utajua umefaulu ukiweza kusema sentensi kama hii bila kubahatisha: "Kilomita 410 kati ya 560 zangu ni za foleni, na 150 ni za barabara kuu."

## Hatua ya 2: Pima gari ulilonalo, tangi hadi tangi

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Nenda kwenye pampu, jaza tangi mpaka bomba likate lenyewe kwa mara ya kwanza: *ta!* Simama hapo. Usimruhusu mhudumu aongeze "ya kukamilishia". Andika kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida mpaka tangi lifike robo. Rudi kwenye pampu ile ile, gari likiwa limeelekea upande ule ule, jaza tena hadi mkato wa kwanza. Andika kilomita mpya na lita zilizoingia.

Ukurasa wangu mmoja una mistari hii:

84,210: fulu.
84,698: fulu, lita 37.5.

Kilomita ni 488. Gawanya kwa 37.5, unapata 13.0 kwa lita. Siku hiyo hiyo dashibodi ilikuwa inaniambia 14.1, tena kwa kujiamini. Kompyuta ya gari hukadiria mafuta kwa muda ambao sindano za mafuta zimefunguka, na mara nyingi hukadiria kwa kujipendelea. Itumie kulinganisha leo na jana. Usiitumie kulinganisha gari na gari kabla ya kuisahihisha kama nitakavyoonyesha hatua ya 7.

*Kwa nini mkato wa kwanza?* Kwa sababu kinachohitajika ni tangi kufika kimo kile kile mara zote mbili. Ukilazimisha lita mbili za ziada leo na usilazimishe kesho, hesabu inaharibika. Gari lililoinama upande mmoja nalo hukata mapema au kuchelewa.

*Onyo.* Tangi moja halitoshi. Pima matangi matatu, jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, ndipo ugawanye. Na kama gari limefungwa tairi kubwa kuliko zile za kiwandani, mita ya kilomita itasoma pungufu na gari litaonekana mlafi kuliko lilivyo. Linganisha mita yake na ramani ya simu kwa kilomita 20 za barabara iliyonyooka. Tofauti ikizidi kilomita moja, sahihisha hesabu zako zote.

Utajua umefaulu matangi matatu yakitofautiana kwa kiasi kidogo, kama 12.6, 13.0 na 13.3. Ukipata 9, 14 na 11, kuna tangi halikujazwa sawasawa, au safari zako zilibadilika katikati.

## Hatua ya 3: Geuza namba zote ziwe za lugha moja

Matangazo yanaandika ulaji kwa lugha tatu au nne. Kilomita kwa lita, lita kwa kilomita 100, na maili kwa galoni, tena galoni zenyewe ni mbili: ya Marekani ni lita 3.785 na ya Uingereza ni lita 4.546. Gari la maili 40 kwa galoni ya Marekani linakwenda kilomita 17 kwa lita. La maili 40 kwa galoni ya Uingereza linakwenda 14.2. Watu wamelinganisha hizo mbili wakadhani magari yanalingana.

Vigeuzi ni hivi:

- Maili kwa galoni ya Marekani: zidisha kwa 0.425, upate kilomita kwa lita.
- Maili kwa galoni ya Uingereza: zidisha kwa 0.354.
- Kilomita kwa lita kwenda lita kwa kilomita 100: gawanya 100 kwa namba hiyo. Kilomita 12.5 kwa lita ni lita 8 kwa kilomita 100.

Nakushauri uandike kila kitu kwa lita kwa kilomita 100, hata kama mdomoni umezoea kilomita kwa lita, kwa sababu kilomita kwa lita hulaghai jicho. Chukua mwaka wa kilomita 12,000. Kutoka gari la 8 kwenda la 10 kwa lita, lita zinashuka kutoka 1,500 hadi 1,200. Umeokoa 300. Kutoka la 15 kwenda la 20 zinashuka kutoka 800 hadi 600. Umeokoa 200. Mruko wa namba 2 umeokoa kuliko mruko wa namba 5. Mwenye gari zito linalokwenda 8 kwa lita ndiye mwenye faida kubwa ya kubadilisha, si yule ambaye tayari anapata 15 na anatafuta sifa ya 20.

*Onyo la hesabu.* Gari likienda 9 kwa lita kwenye foleni na 15 kwenye barabara kuu, wastani wake si 12. Rudi kwenye safari zako: kilomita 410 gawanya kwa 9 ni lita 45.6, kilomita 150 gawanya kwa 15 ni lita 10. Jumla lita 55.6 kwa kilomita 560, yaani 10.1 kwa lita. Tofauti ya 12 na 10.1 ndiyo huwafanya watu waseme wameuziwa gari bovu.

## Hatua ya 4: Uliza namba ya tangazo ilipimiwa wapi

Namba za watengenezaji hazitungwi mezani, zinapimwa. Gari linafungwa juu ya magurudumu yanayozunguka ndani ya maabara, kisha linaendeshwa kwa kufuata mchoro maalumu wa mwendo. Tatizo ni kwamba michoro hiyo haifanani, na mingine ni mipole mno.

Kipimo cha zamani cha Japani kilichoitwa 10-15 hakikuzidi kilomita 70 kwa saa, na urefu wake ulikuwa kilomita nne na kidogo. Kilichofuata, JC08, kilifika kilomita 81.6 kwa saa. Kile cha zamani cha Ulaya, NEDC, kilikuwa cha kilomita 11 na kilifika 120 kwa sekunde chache tu, huku gari likiongeza mwendo taratibu kama limebeba mayai. Tangu Septemba 2017 Ulaya ilianza kutumia WLTP: kilomita 23 na zaidi, dakika 30, na kasi ya juu ya 131. Japani nayo imehamia kwenye mfumo wa familia hiyo. Namba za EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, tangu magari ya mwaka 2008, huzingatia pia kiyoyozi, baridi na mwendo wa kasi, ndiyo maana kwa kawaida ndizo zilizo karibu zaidi na barabara.

Sasa namna ya kuzitumia. Kwa namba ya EPA, ichukue kama ilivyo. Kwa WLTP, ongeza lita kama 20%. Ripoti ya Tume ya Ulaya ya Machi 2024, iliyotumia data iliyosomwa kwenye magari yenyewe yakiwa barabarani, ilikuta pengo la karibu kiasi hicho kwa magari ya kawaida ya petroli na dizeli. Kwa NEDC na JC08 mimi hupunguza namba ya kilomita kwa lita kwa robo yake, na kwa 10-15 kwa theluthi yake. Hiyo ni desturi yangu, si kanuni ya maabara, lakini haijawahi kuniacha na mshtuko.

Tangazo lisilosema kipimo, lichukulie kwamba limetumia kile kipole kuliko vyote vilivyokuwepo mwaka gari lilipotengenezwa.

## Hatua ya 5: Weka cc kando, tazama mafuta yanaliwa na nini

Mafuta yanakwenda kwenye mambo machache: kuutoa uzito mahali uliposimama, kupasua hewa, kukandamizika kwa tairi, msuguano wa mashine, na kuunguruma bila kwenda popote. Cc ni sehemu ndogo ya hadithi hiyo.

Uzito ndio adui wa foleni. Kila ukiondoka unalipia kuusukuma, na kila ukikanyaga breki unaugeuza kuwa joto la magurudumu. Kwa makadirio ya Wamarekani, kila kilo 45 za ziada hula kama 1% ya mafuta. Gari refu la viti saba lenye injini ndogo ndilo linalowaumiza wengi: injini inahangaika, dereva anakanyaga hadi sakafuni, kompyuta inamimina mafuta ya ziada kuisaidia. Injini ya wastani ndani ya bodi nyepesi ingefanya kazi ile ile ikiwa imetulia.

Hewa ndiyo adui wa barabara kuu. Nguvu ya upepo unaokuzuia hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 90 kwenda 120 mwendo umeongezeka kwa theluthi, lakini upepo umekuwa mzito kwa karibu 78%. Ndiyo maana gari la umbo la boksi na gari la chini lenye mgongo wa kuteleza hulingana mjini, kisha moja likaachwa mbali safarini. Kreti la mizigo juu ya paa hulitia gari lolote kwenye kundi la boksi. Likiwa tupu, lifungue.

Magurudumu manne yanayovuta huongeza uzito na vyuma vinavyozunguka hata usipovihitaji. Ninaowaona wakilipia hili kila siku ni wengi, na wanaolitumia kwenye tope ni wachache. Kama barabara yako ni ya lami, achana nalo.

Tabo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, huipa injini ndogo nguvu za injini kubwa. Maabara inaipenda kwa sababu mguu wa maabara ni mwepesi. Mguu wako ukiwa mzito, injini ndogo yenye tabo hula sawa na kubwa, wakati mwingine zaidi.

Kuunguruma umesimama hula kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa saa, kutegemea injini na kiyoyozi. Hapa cc ndogo ina faida ya kweli. Mfumo wa kuzima injini yenyewe kwenye taa nao una faida, mradi betri yake bado ni nzima. Betri ikichoka mfumo huacha kufanya kazi kimyakimya, na muuzaji hatakuambia.

Baada ya hayo, chagua aina ya injini kwa kutumia karatasi yako ya hatua ya 1.

*Petroli ya kawaida* inafaa kwa safari mchanganyiko na kilomita chache kwa mwaka. Fundi wake yuko kila mahali.

*Dizeli* inafaa kwa barabara kuu na mzigo. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya 10%, na injini yake huitumia vizuri. Lakini dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na chujio hilo hujisafisha kwa safari ndefu yenye joto. Mwenye safari za dakika tano akinunua dizeli ya namna hii, ataziba chujio na faida yote itaishia kwa fundi.

*Haibridi isiyochajiwa*, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kama ile ambayo Toyota ilianza kuuza Japani Desemba 1997 kwa jina la Prius, ni dawa ya foleni. Breki inarudisha umeme kwenye betri badala ya kuutupa kama joto, na umeme huo ndio unaoliondoa gari pale injini ya petroli inapokula zaidi. Kwenye barabara kuu breki haikanyagwi, kwa hiyo sehemu kubwa ya faida hiyo haipo. Watu hushangaa haibridi kula sawa mjini na safarini. Ndivyo ilivyo, na si ubovu.

*Haibridi ya kuchaji* inahitaji tabia. Ile ripoti ya 2024 ilikuta kwamba barabarani magari haya yanatoa hewa ya ukaa mara 3.5 ya namba za maabara, hasa kwa sababu hayachajiwi wala kuendeshwa kwa umeme kiasi kilichotarajiwa. Kama huna sehemu ya kuchomeka kila usiku, utakuwa unabeba betri nzito kwa petroli.

*Umeme mtupu* hupimwa kwa kilowati-saa kwa kilomita 100, na gari dogo hadi la wastani huwa kati ya 14 na 20. Halina shida na foleni wala na safari fupi. Swali lake ni moja: utachajia wapi?

Utajua umefaulu orodha yako ya magari manne ikibaki na mawili, na uweze kueleza kwa sentensi moja kwa nini yale mengine yametoka.

## Hatua ya 6: Likague gari lenyewe, si aina yake

Magari mawili ya aina moja na mwaka mmoja yanaweza kupishana kwa lita mbili kwa kilomita 100. Mafuta yanavuja kwenye vitu vidogo ambavyo picha hazionyeshi. Hapa ndipo unapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Fika asubuhi, na uombe injini isiwashwe kabla hujafika. Muuzaji akikupokea na gari lililokwisha kupashwa joto, rudi siku nyingine.

1. Pima upepo wa tairi kabla ya kuondoka, ulinganishe na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tairi laini zinakula mafuta, na pia zitaharibu jaribio lako. Zijaze kwanza.

2. Chomeka kisoma kompyuta, washa injini, fungua sehemu ya joto la maji ya kupozea injini. Lipande mfululizo hadi kati ya nyuzi 80 na 95 na litulie. Likipanda, kisha likashuka hadi 65 ukiwa kwenye mwendo mzuri, thamostati, ile vali inayodhibiti maji hayo, imekwama ikiwa wazi. Injini inaamini bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta ya baridi. Ubovu huu ni rahisi kutengeneza, na hausikiki wala haunuki.

3. Tazama marekebisho ya mafuta ya muda mrefu. Ni asilimia inayoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani ili mchanganyiko uwe sawa. Kati ya −5 na +5 gari liko sawa. Ikivuka 10 upande wowote kuna kitu: hewa inayopenya, sensa ya hewa iliyochafuka, sindano ya mafuta inayovuja. Hujui bado ni kipi, ila umepata neno la kuzungumza kwenye bei.

4. Endesha kilomita 10, simama kwa kuacha gari lipoe mwendo lenyewe, kisha sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Moja likiwaka joto kuliko wenzake, breki yake imeng'ang'ania. Unaendesha huku umekanyaga breki kidogo siku nzima.

5. Kwa haibridi, tazama mstari wa betri kwenye kioo cha dashibodi. Ukipanda na kushuka kwa kasi, kama kikombe kidogo kinachojaa na kumwagika, betri imechoka. Tafuta pia tundu la hewa la kupozea betri, mara nyingi liko pembeni ya kiti cha nyuma. Nililifungua moja nikakuta nywele za mbwa na vumbi vimeshikana kama kipande cha blanketi. Gari lenyewe lilikuwa linang'aa.

*Onyo.* Kama kumbukumbu za kompyuta zimefutwa asubuhi hiyo, marekebisho ya mafuta yatasoma karibu na sifuri na utadhani gari ni zima. Visoma vingi huonyesha umbali uliotembewa tangu kumbukumbu zifutwe. Ukikuta kilomita 3, umeshapata jibu.

## Hatua ya 7: Jaribio la barabarani

Weka mita ya safari sifuri na uendeshe njia yako, si njia ya muuzaji. Kama maisha yako ni foleni, nenda kwenye foleni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kama unavyokitumia. Dakika 40 zinatosha. Dashibodi itatoa namba. Kama ni kilomita kwa lita, ipunguze kwa 5 hadi 8%; kama ni lita kwa kilomita 100, iongeze kwa kiasi hicho. Fanya vivyo hivyo kwa gari la pili, siku kama hiyo, saa kama hiyo.

Ukiruhusiwa kukaa na gari siku mbili kwa mafuta yako mwenyewe, fanya tangi hadi tangi. Wauzaji wachache watakubali. Uliza hata hivyo.

## Hatua ya 8: Hesabu ya bei, kwa lita

Badala ya kugombana na bei za mafuta zinazopanda na kushuka, geuza tofauti ya bei ya magari iwe lita. Gawanya tofauti hiyo kwa bei ya lita moja leo.

Tuseme haibridi inagharimu zaidi kwa kiasi cha lita 2,400, nayo inakwenda 18 kwa lita mjini na safarini. Gari la petroli ni lile letu la 9 na 15. Kwa mwaka wa kilomita 12,000 kwa mgawanyo wa hatua ya 1, petroli itakula lita 1,190 na haibridi 667. Unaokoa lita 523 kwa mwaka, na tofauti ya bei inarudi kwa miaka minne na nusu hivi.

Mpe mtu mwingine magari hayo hayo, ila robo tatu ya kilomita zake ni za barabara kuu. Petroli itakula 933, haibridi 667 zile zile. Anaokoa 266. Miaka tisa. Huyo anunue petroli, na pesa inayobaki abadilishe tairi.

Ongeza upande wa gharama kitu chochote unachojua kitahitajika: betri iliyochoka, thamostati, bima kubwa. Usisahau kilomita zako halisi. Anayeendesha kilomita 5,000 kwa mwaka ni nadra kuokoa chochote kwa kununua gari la bei kubwa zaidi.

## Hatua ya 9: Matangi matatu ya kwanza

Ukishanunua, tia upepo wa kiwandani, badilisha oili kwa uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari (nzito zaidi huongeza msuguano), tazama chujio la hewa, kisha pima matangi matatu kama hatua ya 2. Namba utakayopata ndiyo ya kawaida ya gari hilo. Iandike ndani ya jalada la daftari.

Usiongeze petroli ya okteni ya juu ukitumaini kubana mafuta, isipokuwa kitabu cha gari kimeidai. Okteni ni uwezo wa kuvumilia mgandamizo bila kugonga, si nguvu ya ziada.

Baada ya hapo pima tangi moja kila mwezi. Ulaji ukipanda kwa zaidi ya 10% matangi mawili mfululizo na safari hazijabadilika, fuata mpangilio huu: upepo wa tairi, breki inayong'ang'ania, joto la maji, marekebisho ya mafuta, na mwisho plagi. Anza na vya bure. Mara ya mwisho langu lilipopanda, nilikuwa nimeshapanga safari ya kwa fundi. Ilikuwa tairi moja ya nyuma, imeshuka hadi nusu ya upepo wake, nami nilikuwa nimepita pembeni yake siku tisa.